Hela ni yake, kituo si chake: kwa nini mwekezaji ananituma kwanza kwenye atamizi ya serikali?

#1 Mama_Gramu250 (mleta mada)
Habari za jioni wakuu.

Niko Ilemela, Mwanza. Nasindika dagaa. Nanunua mwaloni Kirumba na kwa wavuvi wachache wa Ukerewe, naanika kwenye chanja, halafu namalizia kwenye kikaushio cha jua tulichounda hapa hapa mjini. Nafungasha gramu 100 na gramu 250. Kikaushio ndicho roho ya biashara: masika dagaa wa kuanika mchangani wanaoza mvua ikipiga siku mbili, wangu wanaendelea kukauka. Ninavyo viwili, nataka kumi.

Kuna mzee mmoja mfanyabiashara, ana maghala na malori. Alikuja mwenyewe, akachukua dagaa mbichi wasiokaangwa akatafuna palepale amesimama, akauliza maswali saa nzima. Akasema yuko tayari kuweka milioni 40 kwa hisa. Nikalala vizuri usiku ule. Wiki iliyofuata akapiga simu: "Binti yangu, ingia kwanza kwenye kituo atamizi cha serikali. Kaa mle miezi sita, kisha njoo tuandikishane." Yaani vile vituo vinavyolea biashara changa.

Hela ni yake, kituo si chake, na kituo hakimpi yeye hata senti. Anatafuta nini mle? Mimi nikiingia nafunga kibanda nusu siku, nahudhuria mafunzo, najaza fomu. Waliowahi kupita humo, mwekezaji alikuja kwa sababu ya kituo au angekuja tu?

#2 Ngoja_Waje
Ngoja waje wenye uzoefu. Natandika jamvi hapa.

#3 Jiwe_la_Bismarck
Hana hiyo 40. Tajiri wa Mwanza akikwambia "pitia kwanza kule" ujue anatafuta njia ya kukuaga kistaarabu. Endelea na dagaa zako.

#4 Mhasibu_Mstaafu
Jiwe, punguza spidi. Nimekaa upande wa wenye hela miaka mingi, nitasema ninachokijua.

Kumchunguza mtu anayetaka milioni 40 kunagharimu karibu sawa na kumchunguza anayetaka bilioni. Unamlipa mwanasheria aangalie karatasi za BRELA (usajili wa kampuni) na TRA (kodi), unamlipa mhasibu apitie daftari, unatuma kijana akae jirani na duka wiki nzima anahesabu wateja. Kwa milioni 40 uchunguzi huo unakula faida kabla hujaanza. Ndiyo maana wenye hela wengi hapa wanaishia kununua kiwanja Buhongwa. Kiwanja hakina daftari la kudanganya.

Kituo kinachoendeshwa kwa kodi kinabeba gharama hiyo. Kinachuja waombaji, kinakulazimisha ufungue akaunti ya kampuni, utenganishe hela ya dagaa na ada ya watoto, na kila mwezi kuna mtu anasoma hesabu zako hata kama hutaki. Mzee wako hanunui muhuri, ananunua miezi sita ya macho ya watu wengine.

Mama, ulimuuliza kwa nini miezi sita na si mitatu?

#5 Taa_za_Giza
Mimi nilipita kwenye kimoja, sitaji jina.

Tulikuwa vijana watatu, tunakodisha taa za sola kwa wavuvi wa dagaa Ukerewe badala ya karabai. Mvuvi hanunui taa, analipia usiku. Hesabu zetu zilitisha. Wiki mbili mapato juu, kisha siku kama kumi sifuri, kisha juu tena. Mwekezaji wa kwanza alitazama karatasi akasema biashara yenu ina homa ya vipindi. Hakujua, na sisi hatukuwa na akili ya kumweleza, kwamba dagaa huvuliwa gizani. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala ufukweni na taa zetu zinalala stoo.

Kituoni kulikuwa na mama mmoja wa hesabu, mzaliwa wa Nansio. Akatuambia: futeni hizo Januari na Februari, hesabuni kwa giza. Giza la kwanza, giza la pili, giza la tatu, kama wavuvi wenyewe wanavyohesabu. Tulipopanga hivyo mstari ukanyooka, ukawa unapanda taratibu. Taa zilezile, hela ileile. Mwekezaji wa pili alisoma dakika kumi akauliza tunahitaji taa ngapi.

Alikuja kwa sababu ya kituo? Hapana, alikuja kwa sababu shemeji yake ni mvuvi. Ila bila yule mama tungempa karatasi ya homa.

#6 Jiwe_la_Bismarck
Kwa hiyo kilichowasaidia ni mama wa Nansio, si kituo. Angekaa chini ya mwembe angewasaidia vilevile.

#7 Taa_za_Giza
Chini ya mwembe nani angemlipa mshahara?

#8 Sangara_Mdogo
😂😂 Jiwe limepigwa wimbi.

#9 Mtafiti_Njaa
Nisamehewe kwa urefu. Jambo hili limepimwa, na majibu yatawakera wote humu.

Wizara ya Nishati ya Marekani hutoa ruzuku kwa kampuni ndogo za ugunduzi. Mtafiti Sabrina Howell alichukua orodha za waombaji jinsi walivyopangwa kwa alama, akalinganisha waliopita kwa kunusurika na waliokosa kidogo tu. Ujanja wake uko hapo: watu hao wawili kimsingi ni walewale, tofauti yao ni mstari uliokatwa. Akakuta ruzuku ya awamu ya kwanza, kama dola 150,000, iliongeza uwezekano wa kampuni kupata mtaji binafsi baadaye kutoka karibu 10% hadi karibu 19%. Mara mbili hiyo. Awamu ya pili, yenye hela nyingi zaidi, haikuongeza kitu cha maana.

Kwa Mhasibu: alitafuta kama ni muhuri wa serikali unaowavuta wenye mitaji, hakuona dalili. Maelezo yaliyobaki ni kwamba hela ya kwanza ilimwezesha mtu kutengeneza kielelezo cha kazi yake, kitu cha kushika mkononi, na mwekezaji akaona kinafanya kazi. Utafiti ulichapishwa 2017.

Kwa Taa: Chile walianzisha Start-Up Chile 2010, hela ya umma, dola 40,000 bila kuchukua hisa, na mahali pa kufanyia kazi. Waliopima walikuta hela na meza peke yake havikubadilisha kitu. Waliopata hela, meza, na darasa lenye kusimamiwa kwa karibu ndio waliokua. Kwa hiyo mama wa Nansio ana hoja.

Kwa Jiwe: wewe subiri, yako inakuja.

#10 Mhasibu_Mstaafu
Mtafiti, nakubali ila kwa sharti. Ruzuku si atamizi. Ile ni hela inaingia kwenye akaunti yako unaondoka nayo. Atamizi ni mahali, unaonekana ukiingia na kutoka. Usitumie kipimo cha mtama kupimia maziwa.

#11 Mtafiti_Njaa
Sawa mzee, nimekubali hilo. Nimeleta ruzuku kwa sababu ndiko kuliko na kipimo safi. Kwenye atamizi kupima ni kugumu kwa sababu zinachagua walio bora tangu mlangoni. Wakifanikiwa, ni kituo au ni wao wenyewe? Ndiyo hiyo ya Jiwe niliyosema inakuja.

#12 Jiwe_la_Bismarck
Ahsante, ndilo nililotaka kusema. Wanaokota mbegu iliyokwisha kuchipua, wanamwagia kikombe cha maji, wanapiga picha.

#13 Kuku_wa_Kienyeji
Mmeruka jambo la msingi. Neno lenyewe ni ATAMIZI, kutoka kuatamia. Kuku anakaa juu ya mayai siku 21, anaangua, anatoka na vifaranga. Hapa mtu anaatamiwa miaka mitatu hajatotolewa. Hilo ni yai viza wakuu, na yai viza ukilitikisa linanuka.

Halafu mjue kwamba atamizi ya kwanza duniani ilijengwa na serikali ya Marekani mwaka 1959, kwa hiyo hii ni biashara ya serikali tangu mwanzo.

#14 Mtafiti_Njaa
Mwaka umepatia, mjenzi umekosea. Ilikuwa mji wa Batavia, jimbo la New York. Kiwanda cha zana za kilimo cha Massey-Harris kilifungwa, mji ukakosa ajira, familia ya Mancuso ikanunua lile jengo kubwa mno na kuanza kulikodisha vyumba vyumba kwa wafanyabiashara wadogo, pamoja na ushauri. Hela binafsi kabisa. Serikali nyingi ziliingia kwa kishindo baadaye: Berlin Magharibi 1983, Wuhan kule China 1987, Israeli 1991.

Na utacheka: mmoja wa wapangaji wa kwanza wa lile jengo alikuwa mtu wa vifaranga vya kuku. Joseph Mancuso akawa anatania kwamba pale ndani wanaangua biashara, na jina likaganda. Kwa hiyo kuku wako ana historia.

#15 Kuku_wa_Kienyeji
Wabeja sana mkuu. Nimekosolewa lakini nimeshinda.

#16 Kiti_cha_Plastiki
Mimi nitoe upande wa pili. Nilikaa kwenye kituo kimoja cha umma, si lazima niseme mkoa gani. Biashara yangu ni juisi ya matunda. Waliponionyesha jengo niliona mashine ya kujaza na kufunga chupa, mpya, bado ina nailoni. Nikasema moyoni nimefika.

Wiki ya kwanza: mashine haijaunganishwa umeme wa njia tatu. Wiki ya nne: umeme umekuja, fundi wa kuiwasha hajaletwa. Mwezi wa tatu: fundi yupo, mwenye funguo ya chumba yuko semina Morogoro. Nilijaza juisi kwa jagi mpaka siku ninaondoka, huku naitazama ile mashine kupitia dirishani.

Mgeni alikuja siku moja, mtu wa hela kweli kutoka Dar. Tukavalishwa fulana. Akauliza uzalishaji wangu kwa saa. Nikaangalia jagi langu, nikaangalia dirisha. Sikuwa na jibu. Akaandika kitu kwenye daftari lake akahamia meza ya pili.

Kwa hiyo, mleta mada, kabla hujaingia usiulize wana mashine gani. Uliza nani anashika funguo.

#17 Sangara_Mdogo
"Nikaangalia jagi langu" 😭 pole sana ndugu yangu.

#18 Asali_ya_Sengerema
Naongezea kitu ambacho wasomi hawajakitaja. Mimi ni wa asali. Faida yangu kubwa haikuwa jengo wala mafunzo, ilikuwa BARUA. Mjasiriamali mdogo akipata barua ya utambulisho kutoka SIDO, lile shirika la serikali la viwanda vidogo, anakwenda TBS, shirika la viwango, na kuhudumiwa bila ile gharama ya mwanzo inayokata watu tamaa. Nikapata alama ya ubora. Alama ikaniingiza kwenye maduka makubwa mawili hapa mjini. Maduka yakanipa oda za maandishi. Oda za maandishi ndizo nilizompelekea mtu aliyeniwekea hela ya mitungi na mashine ya kuchujia.

Tazama mnyororo ulivyo: barua, alama, duka, oda, mtaji. Mwekezaji hakuwahi kuijua SIDO. Aliona oda tu.

Siku hizi na daraja la Kigongo–Busisi lipo, hata mwekezaji mvivu wa mjini anaweza kuja kuona mizinga yangu akarudi kabla ya chakula cha mchana. Zamani alikuwa anasema kivuko, kivuko.

#19 Kuku_wa_Kienyeji
Tuwe waangalifu, SIDO si atamizi. Ni mradi wa viwanda vidogo wa enzi za Mkapa.

#20 Mhasibu_Mstaafu
Leo si siku yako, Kuku. SIDO ni ya 1973, enzi za Mwalimu. Cha miaka ya tisini ni ule mfuko wao wa mikopo, NEDF, 1994. Na ingawa kazi yake ni pana kuliko kuatamia, mitaa ya viwanda yenye vibanda vya kupangisha wadogo kwa bei nafuu, kama pale Nyakato, si ndicho alichofanya yule Mancuso? Kwa upande wa teknohama ndiyo tukapata atamizi ya DTBi, 2011, chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kule Kijitonyama, Dar.

#21 Kuku_wa_Kienyeji
Naenda kulala na kuku wenzangu.

#22 Kisumu_Ndani
Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu Kisumu, Kenya, tuna kituo cha LakeHub na si cha serikali, kilianzishwa na vijana wenyewe. Lakini swali la mleta mada ni lilelile hapa. Shida yetu si nani anaendesha kituo, shida ni umbali wa wenye pesa. Wanakuja na ndege ya asubuhi kutoka Nairobi, wanakula samaki, wanarudi jioni. Mtu hawezi kukuamini kwa mlo mmoja. Mama yangu pale Mwanza ana bahati, tajiri wake anaishi mtaa wa pili na anatafuna dagaa mwenyewe. Sioni kwa nini anahitaji kituo.

#23 Mtafiti_Njaa
Kisumu umegusa penyewe. Josh Lerner alifuatilia kwa miaka kumi kampuni za Marekani zilizopata ruzuku za serikali miaka ya themanini mwanzoni. Zilikua haraka kuliko wenzao, LAKINI zile tu zilizokuwa kwenye maeneo yenye wenye mitaji tayari. Sehemu isiyo na wenye mitaji, ruzuku haikufua dafu. Na aliyepata ruzuku nyingi hakukua kuliko aliyepata moja.

Kwa Mwanza hii ni ngumu kumeza. Ina maana unaweza kujenga kituo kizuri Nyamagana, kikatoa wahitimu wazuri, na wakakosa wa kumgongea mlango.

#24 Jiwe_la_Bismarck
Wenye hela Mwanza wapo, msitudharau. Kuna hela ya sangara, hela ya mabondo (vile vibofu vya sangara), hela ya dhahabu, hela ya pamba ya zamani. Haikai kwenye mifuko ya uwekezaji, inakaa kwenye malori na nyumba za kupanga. Shida ni kwamba haijui kuingia kwenye hisa za watu. Mzee wa hela ya mabondo anajua kununua, kuuza, na kukopesha shemeji. Hisa kwake ni karatasi.

#25 Mhasibu_Mstaafu
Kwa mara ya kwanza Jiwe kasema neno. Hapo ndipo Waisraeli walipopita na mfuko wa Yozma mwaka 1993. Serikali ilitenga dola milioni 100, ikawaambia wenye mitaji binafsi: wekeni nasi, na biashara ikichanganya mna haki ya kununua fungu letu kwa bei tuliyokubaliana. Kwa hiyo faida ya juu ni yao. Hasara ya kujifunza, serikali inashiriki. Atamizi zao zikawa zinapata wawekezaji kwa njia hiyo.

#26 Mtafiti_Njaa
Nyongeza ndogo mzee: Yozma ilikuwa mfuko, ulizaa mifuko kumi. Atamizi zilikuwa mpango mwingine wa 1991, zilipoingia halaiki za wahandisi kutoka Muungano wa Kisovieti hawana kazi. Watu huvichanganya. Ila mantiki yako iko sawa: upande mmoja walilea yai, upande wa pili wakamfundisha mnunuzi wa kuku.

#27 Dereva_Igoma
Mnazungumza Israeli na Chile, na halmashauri ipo hapa. Mama achukue ile asilimia 10 ya mapato inayokopeshwa, haina riba, aachane na mzee na kituo chake.

#28 Asali_ya_Sengerema
Kaka Dereva, ile ni ya vikundi: wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Kampuni yake haiingii humo. Akitaka itabidi atafute wanawake wenzake waunde kikundi, na dagaa zake ziwe za kikundi. Ni nzuri kwa anayeanza, ila si mtaji wa hisa.

#29 Dereva_Igoma
Nilijua ni kwa yeyote. Ahsante dada. Na ile mikopo ya vizimba vya samaki ya TADB, benki ya kilimo?

#30 Asali_ya_Sengerema
Ya kufuga samaki kaka. Dagaa hawafugwi kizimbani 😂

#31 Mama_Gramu250 (mleta mada)
Nilikuwa mwaloni tangu saa kumi usiku, nasoma sasa. Ahsanteni sana.

Mhasibu, swali lako la miezi sita limenikaa kichwani nikampigia mzee. Akacheka, akasema: "Masika yapite." Basi. Nikabaki nashangaa, maana masika yakipita hata nyumbani kwangu yanapita, si lazima yapitie kituoni.

#32 Mhasibu_Mstaafu
Anataka kuona kikaushio kikipigwa na mvua za masika mbele ya mashahidi. Nyumbani kwako utamwambia dagaa walikauka. Kituoni kuna mtu ataandika siku, unyevu, kilo zilizoingia na zilizotoka.

#33 Mtafiti_Njaa
Hiyo inarudi kwangu, si kwako mzee. Hatafuti muhuri, anatafuta kielelezo kinachofanya kazi.

#34 Mhasibu_Mstaafu
Kijana, kielelezo kilichoandikwa na nani? Na anayemwamini ndiye muhuri. Tunazunguka mbuyu mmoja.

#35 Fundi_Chuma_Nyakato
Mimi si mchangiaji, huwa nasoma tu. Dada Gramu250, kile kikaushio si ndicho nilichokuchomelea mimi mwaka juzi? Chenye mlango wa kuteremka na bomba la hewa nyuma?

#36 Sangara_Mdogo
Mambo hayo 👀

#37 Mama_Gramu250 (mleta mada)
Shikamoo fundi. Ndicho chenyewe. Nimeandika hapo juu "tulichounda", sikujipa sifa peke yangu.

#38 Fundi_Chuma_Nyakato
Marahaba dada yangu, sina ugomvi. Ulikuja na mchoro wa penseli kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Ule mchoro ungepika dagaa badala ya kuwakausha, hewa haikuwa na pa kutokea. Mimi nikaweka lile bomba nyuma na nikaliinua sentimita thelathini juu ya paa ili hewa ya moto ivutwe. Tukajaribu mara nne. Mara ya tatu nyavu ziliungua, unakumbuka.

Ninachotaka kusema ni hiki. Huyo mzee mwenye malori alikuja karakana kwangu. Alikaa kwenye gurudumu la trekta akanywa soda. Akauliza kikaushio ni cha nani. Nikamwambia cha yule mama. Akauliza mchoro ni wa nani. Nikamwambia wa kwangu na wa kwake. Akauliza mmeandikiana? Nikasema hapana, alinilipa ufundi. Akauliza mtu mwingine akija nimchomelee kama hicho, nitakubali? Nikasema kwa nini nisikubali, mimi ni fundi. Akanyamaza, akamaliza soda, akaondoka.

#39 Jiwe_la_Bismarck
Wakuu, uzi umeanza upya.

#40 Mhasibu_Mstaafu
Lo! Nafuta nusu ya niliyoandika.

Mzee anataka kununua hisa kwenye biashara ambayo roho yake ni kikaushio, na kikaushio hakina mwenyewe kisheria. Leo anaweka milioni 40, kesho jirani anakwenda kwa fundi yuleyule na milioni mbili. Vituo atamizi vingi, ukiingia, kitu cha kwanza kinachoulizwa ni teknolojia ni ya nani, na kuna mtu wa kukuelekeza kuandikiana na kusajili ubunifu BRELA. Mzee hakutaka kulisema hili mbele yako maana ungedhani anamsema fundi vibaya. Akalisukumia kituoni.

#41 Taa_za_Giza
Inawezekana. Ila alisema pia masika yapite. Hayo ya mchoro yanamalizwa kwa wiki moja na wakili, hayahitaji miezi sita.

#42 Jiwe_la_Bismarck
Au nadharia yangu ya tangu #3: hana 40 sasa hivi, anaipata baada ya masika. Wenye malori wote wanajua masika lori linazama barabarani na hela inazama nalo.

#43 Mtafiti_Njaa
Hiyo naona ina uzito kuliko ulivyoileta mwanzo, inaniuma kukubali.

#44 Kiti_cha_Plastiki
Mimi naogopa jambo lingine. Kituo kikimsaidia kuandika umiliki, kituo chenyewe hakitadai fungu? Soma mkataba wa kuingia, hasa maandishi madogo kuhusu ubunifu uliofanyika "ndani ya kituo". Kikaushio kimeshaundwa nje, liandikwe hilo kabla hujaingiza mguu, na picha zenye tarehe.

#45 Kisumu_Ndani
Hapo umesema kweli kabisa. Na fundi apewe hisa ama mrabaha, si asante. Huku nimeona kampuni ikifa kwa sababu ya fundi mmoja aliyekasirika, na alikuwa na haki.

#46 Dereva_Igoma
Fundi adai asilimia 50!

#47 Fundi_Chuma_Nyakato
Sijadai kitu mimi. Nimesema tu bomba ni langu.

#48 Asali_ya_Sengerema
Bomba ndilo linalokausha lakini 🙂

#49 Mama_Gramu250 (mleta mada)
Nimesoma yote nikiwa nimekaa kwenye ndoo. Nimeona aibu kidogo, sitaficha. Mchoro wa penseli niliutunza, upo ndani ya Biblia, na kweli hauna bomba.

Leo nimekwenda kituoni kuchukua fomu. Binti wa mapokezi mchangamfu, mashine zipo na (Kiti_cha_Plastiki) niliuliza funguo, akanionyesha zimening'inia ukutani. Fomu ina kurasa sita. Kipengele cha 7 kinasema "Mmiliki wa teknolojia au ubunifu". Nimejaza vingine vyote, hicho nimekiacha wazi.

Sijui mzee anangoja masika, anangoja hesabu, anangoja karatasi au anangoja hela yake itoke kwenye matope. Sitamuuliza tena, atanijibu kwa neno moja kama kawaida yake. Ila kipengele cha 7 siwezi kukijaza peke yangu. Fundi, Jumamosi upo karakana?

#50 Fundi_Chuma_Nyakato
Jumamosi sipo, nina msiba Magu. Njoo Jumapili mchana baada ya ibada, na huo mchoro uje nao nikuonyeshe ulipokosea.

Na ile hela ya nondo za kikaushio cha pili, elfu themanini na tano, bado dada.